Mke Mwenza Mwenye Kwato

Shimo lenyewe Jamali aliambiwa alichimbe mwenyewe. Mahali akaonyeshwa kwa kidole: nyuma ya nyumba yake, penye mchanga laini, hatua thelathini kutoka jikoni kwa mkewe. Bwana, Mzungu aliyemwajiri, hakufoka. Alisema kama mtu anayeagiza chai, kisha akaingia motokaani akarudi Msasani kumwangalia mkewe, Memsahibu, aliyelala kitandani na mtulinga uliovunjika. Ijumaa akitoka ofisini, alisema, atakuja na bunduki ammalize yule farasi aliyemtupa Memsahibu.

Hiyo ni Jumanne, mwaka wa hamsini na mbili. Kinondoni ya siku zile usiifananishe na hii ya leo. Ilikuwa mikorosho, mihogo, na vibanda vya udongo vya watu waliowatumikia Wazungu wa ufukweni, na banda la farasi la Bwana lilikuwa huko huko. Mauwa, mke wa Jamali, alikuwa amekaa jikoni akikuna nazi. Kila jembe la mumewe lilipozama mchangani, aliacha kukuna akasikiliza. Alijikwaruza kidole mara mbili, nazi ikaingia damu, akaimwagia kuku.

Alikuwa anaogopa, tena si woga wa kitu kimoja. Aliiogopa bunduki, kwa kuwa hajapata kuisikia ikilia karibu. Aliwaogopa farasi tangu zamani, hata alipopita bandani alipita mbali, kanga kaishika mdomoni. Lakini aliyemwogopa kupita vyote siku ile ni mumewe, mtu ambaye kwa miaka tisa hajamgusa hata kwa ukucha. Maana yule farasi anayechimbiwa shimo hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa lake yeye Mauwa, na mpaka saa ile waliolijua ni wawili tu, yeye na Mungu wake.

Jamali alikuwa saisi, yaani mtu wa farasi: kuwalisha, kuwasugua, kuwafundisha kubeba mtu mgongoni bila kumtupa. Kazi hiyo aliiokota vitani Bama kwenye baghala wa jeshi, na alikuwa na namna yake. Kiboko hakushika. Farasi mkali alimwendea kinyumenyume, akakaa chini akampa mgongo, akavuta sigara yake mpaka mnyama mwenyewe achoke kuogopa aje kumnusa kisogo. Watu walimcheka, lakini farasi walikuja.

Huyu jike aliletwa kutoka Nairobi mgongo umejaa makovu ya mijeledi. Wazungu walimpa jina lao. Jamali alimwita Mwali, kwa sababu mwezi wa kwanza alijikunyata pembeni mwa banda kama msichana aliyewekwa ndani, hataki kuonwa. Harufu ya mwanamume hakuivumilia kabisa. Akimsikia mwanamume anakuja alitetemeka hadi povu likamtoka. Basi Jamali akamwomba mkewe kanga aliyolalia, isiyofuliwa, akajitanda nayo mabegani, akaingia. Farasi akainusa. Siku ya tano akalaza kidevu juu yake. Kuanzia hapo ikawa ndiyo dawa: kila Jumamosi Mauwa alale na kanga ile, apike nayo, ailoweshe jasho, Jamali aichukue. Asubuhi humfunika Mwali macho kwa kanga ile, Memsahibu akapanda, kisha ikafunuliwa. Miezi saba mambo yakaenda hivyo, na Memsahibu akawa anatoka mpaka ufukweni juu ya mnyama ambaye wengine walishauri auzwe kwa mchinjaji.

*

Tunu, mke wa mpishi wa Bwana, alikuwa mwanamke wa maneno. Jumapili bombani, ndoo zimepangwa mstari, alimwona Mauwa anakuja akajishika kiuno.

"Shoga, mke mwenzio kaamkaje?"

"Mke mwenza gani tena?"

"Huyo mwenye kwato. Si mnagawana doti moja? Juzi nilimwona kajifunika kipande chako cha rangi ya zambarau, kapendeza kukushinda."

Wanawake wakacheka. Mauwa akacheka pamoja nao, kwa kuwa ukitaniwa ukanuna utataniwa zaidi. Tunu hakukoma hapo. Akamsogelea, akanusa hewa, akasema kwa sauti ya kumwonea huruma, "Mie ni mwenzio nitakwambia. Juzi msibani ulipoketi karibu yangu nilidhani kaingia punda. Leo harusini Magomeni utakuja vipi? Utavaa kipande kimoja, kingine kiko kwa bibi harusi wa bandani?"

Hilo lilimwingia. Mwanamke kwenda harusini na vipande viwili visivyofanana, kimoja chekundu kimoja cha zambarau, kama mtu aliyekimbia moto! Na doti nyingine hakuwa nayo. Mauwa alirudi nyumbani, akaitwaa kanga ya farasi msumarini, akaifua kwa sabuni ya mche maji matatu, akaianika, akaifukiza udi juu ya chetezo mpaka moshi ukakolea kila uzi. Akaenda harusini na doti kamili. Tunu alimtazama, akasogea ampishe mkekani.

Aliporudi akaitundika palepale msumarini. Hatusemi alisahau. Alijiambia kanga ni kanga, na mnyama hajui sabuni. Jumatatu alfajiri Jamali aliamka na mafua makali, pua imeziba, akajitwalia kanga yake akaondoka bila kusikia harufu ya kitu. Memsahibu akapanda. Mwali akavuta pumzi mara moja ndani ya kitambaa kilichomfunika macho, akasimama miguu miwili, Memsahibu akaanguka kwa bega juu ya gogo. Farasi akakimbilia kona ya ua na hatamu zinaburuzika, na tangu hapo hakuna aliyeweza kumkaribia.

*

Jumatano Jamali alirudi mchana anachechemea. Mwali alimpiga teke la paja. Mauwa akampashia maji ya chumvi, akamkanda bila kumtazama usoni.

"Amenisahau," Jamali alisema. "Miezi saba, mke wangu, amenisahau kwa siku moja. Jana nimemwendea na kanga yetu, kaniona shetani. Leo nimemwendea nayo tena, ndiyo haya. Labda wanaosema mnyama ni fimbo wana haki. Labda nilikuwa najidanganya mie."

Mauwa akakamua kitambaa. Alifikiri: nikisema, ataniambia nirudi kwetu Lindi. Alifikiri: nisiposema, Ijumaa itapita, shimo litafukiwa, na mimi nitapika chakula hapa maisha yangu yote nikijua kilichomo mle. Akauliza tu kama maji ni moto sana.

Wakiwa hivyo akabisha hodi Revelian, karani wa Bwana, Mhaya mrefu mwenye soksi nyeupe hadi magotini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye watoto watano na kazi nzuri, na alizungumza kwa uangalifu wa watu wa namna hiyo.

"Pole, saisi. Bwana anauliza shimo limefika wapi."

"Kiunoni."

"Ameagiza lifike kifuani. Na siku yenyewe utamtoa wewe, umsimamishe ukingoni, umshike kichwa. Bwana hataki kumpiga risasi akiwa anarukaruka, anasema ni ukatili."

Jamali akatikisa kichwa. "Mwambie hata mie simfikii tena."

"Nitamwambiaje hivyo? Saisi asiyemfikia farasi ni saisi wa nini?" Revelian akashusha sauti. "Ndugu yangu, mshike siku moja tu. Ukimshika, huenda kazi ikabaki. Usipomshika, atampigia humo humo uani, risasi tatu, risasi nne, na wewe utafuata njia ya Lindi kwa miguu."

Alipoondoka, Jamali alichukua jembe akarudi shimoni na paja lake lililovimba. Mauwa akaketi mlangoni, mikono mapajani, hana hata nguvu ya kukoleza moto.

*

Alhamisi alasiri Jamali alitandika gunia barazani, akaanza kulipaka mafuta tandiko la Memsahibu, ingawa hakukuwa na farasi wa kulibeba. Mauwa alitoka, akaingia, akatoka. Mara ya nne alipotoka akamkuta mumewe kageuka upande, kampa mgongo, anasugua taratibu, hasemi kitu.

"Usinifanyie mambo ya farasi wako," Mauwa akasema.

"Mambo gani?"

"Hayo. Kunipa kisogo mpaka nije mwenyewe."

Jamali akacheka kidogo, kicheko cha mafua. Hakugeuka. Na Mauwa, akijua kabisa anachofanyiwa, akajikuta anakuja mwenyewe.

"Kanga niliifua."

Mkono ukasimama juu ya ngozi.

"Jumapili. Nikaifukiza na udi, nikaenda nayo harusini. Nilitaka doti yangu kamili, Jamali. Walinicheka bombani. Waliniambia nanuka."

"Niletee."

Akaileta. Jamali akaikandamiza usoni, akavuta pumzi, akavuta tena. "Sisikii kitu," akasema. "Pua imeziba." Akaikunja, akaiweka chini polepole. Mauwa akafumba macho, mwili wote umejikaza, akingoja kofi la kwanza la miaka tisa. Halikuja. Alipofumbua, mumewe alikuwa anaitazama mikono yake.

"Jumanne nimempelekea," Jamali alisema. "Jumatano nimempelekea. Mara mbili namfuata na kitu kile kile kinachomtisha, namwambia tulia, tulia. Hebu fikiri, umefungwa macho, umetulia kwa kuwa unamjua mwenzio aliye karibu, mara unasikia harufu ya mtu usiyemjua kabisa. Utakaa?"

"Sitakaa."

"Kwa nini hukuniambia Jumatatu?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Wewe."

Jamali akaliweka tandiko kando. Hilo, ukiniuliza mimi, lilimuuma kuliko teke. Mtu aliyewafanya wanyama wa kuchapwa wasimwogope, mkewe siku nne amelala naye kitanda kimoja anatetemeka.

"Nimewahi kukufanya nini, Mauwa?"

"Hujanifanya kitu. Ndiyo maana nikaogopa zaidi. Sijui ukikasirika unakuwaje."

Kuku akapita akipekua mchanga. Kisha Jamali akanyanyua kichwa kama mtu aliyeitwa, akamtazama mkewe kuanzia miguuni hadi utosini, na Mauwa akaelewa kabla hajafungua mdomo.

"Hapana."

"Sijasema kitu."

"Najua unalotaka kusema. Hapana, Jamali. Nitailalia kanga leo usiku kucha, nitaivaa nipike nayo, uende nayo kesho."

"Udi hautoki kwa usiku mmoja. Hata vipande vingine vimelala sanduku moja na kile cha pili ulichovaa nacho harusini." Alisema kwa upole, na upole ule ulimtisha Mauwa kuliko kelele. "Miezi saba nilidhani namtuliza mie. Alikuwa anatulia kwako. Wewe ndiye anayekujua, ingawa hajakuona. Sitakulazimisha. Lakini huko ndani sina kingine cha kumpelekea."

*

Usiku Mauwa alikubali, na Jamali akamfundisha jinsi ya kumkaribia farasi. Ijumaa akamwambia neno moja tu la asubuhi: asioge. Mauwa alitwanga, akapika, akachanja kuni ambazo hazikuhitajika, jua likamchemsha, jasho likamtoka likamkauka likamtoka tena. Tunu alipita njiani na ndoo, akalitazama shimo, akamtazama Mauwa, mara hii hakutania. "Poleni," akasema, akapita haraka.

Saa kumi na moja motokaa ikaingia. Bwana akashuka na bunduki kwapani, Revelian nyuma yake. Kwenye ua wa miti Mwali alikuwa kona ile ile ya Jumatatu, mbavu zinahesabika, hatamu zimekakamaa matope. Aliposikia mlango wa motokaa akaanza kutetemeka.

Jamali alivua kofia. "Karani, nisemee. Muulize Bwana kama atanipa nafasi kidogo tu. Mke wangu aingie. Farasi akimkubali, haki ya Mungu, huyu mnyama hana wazimu. Akimkataa, nitamshika mwenyewe apigwe risasi, hata akiniua."

Revelian akasema maneno hayo kwa Kiingereza, na ilionekana alivyoona aibu kuyasema. Bwana akamtazama Mauwa kwa mara ya kwanza tangu waishi pale, mwanamke mfupi wa miguu ya vumbi, kanga imelowa mgongoni. Akatazama saa yake. Akanyoosha vidole vitano.

Dakika tano. Mauwa alipita chini ya boriti la ua, na mara akasahau kila alichofundishwa. Mnyama kwa karibu alikuwa mkubwa mno, na kwato zilikuwa kwato kweli, si maneno ya bombani. Alipiga hatua tatu akasimama. Ya nne haikutoka. Alitaka kugeuka. Nyuma yake kulikuwa na bunduki, mbele yake kulikuwa na mnyama, na katikati yeye, mtoto wa watu kutoka Lindi. Akaona aibu, kisha hata aibu ikamwisha, akaanza kulia pale pale amesimama, kwa kuwa hakuna kingine alichoweza kufanya.

Alisikia mchanga unakanyagwa. Hakutazama. Pumzi ya moto ikampiga begani, ikashuka kwapani, ikavuta, ikavuta tena ndefu. Kisha uzito ukamlalia begani, mzito kama gunia la mpunga, akayumba. Kichwa cha Mwali kilikuwa juu yake, macho yamefumba nusu, na mwili mzima wa mnyama ulikuwa unatetemeka kama wake yeye. Walitetemeka pamoja hivyo kwa muda. Kisha mmoja akaanza kupoa, na wa pili akapoa naye.

Bwana alikuwa amesahau saa yake. Aliposema, alisema kwa muda, na Revelian akatafsiri akitazama chini.

"Bwana anakiri farasi huyu hana wazimu. Lakini anauliza: Memsahibu amevunjika. Ikiwa kosa si la farasi, kosa ni la nani?"

Mauwa alifungua mdomo. Alitaka kusema, alikwisha kusema kwa Jamali, mara ya pili isingekuwa ngumu kama ya kwanza.

"Langu," Jamali akasema. "Nilibadilisha kanga bila kuangalia. Nilikuwa na mafua." Kisha, bila kumgeukia mkewe, akamwambia kwa Kimwera anyamaze, wakifukuzwa wote wawili nani atabaki kumshika.

Bwana akasikiliza tafsiri. Akafikiri. Alikuwa mtu wa hesabu, si mtu wa hasira, na hesabu aliiona mara moja. Revelian akaileta kwa Kiswahili.

"Saisi, kazi yako imekwisha leo. Bwana anasema mwanamke ndiye ataandikwa, kwa nusu ya mshahara wako. Nyumba mtakaa, maana ni nyumba ya mfanyakazi, na mfanyakazi ni yeye. Lakini wewe usikanyage tena ndani ya ua huu. Akikuona kwa farasi wake, mtaondoka wote."

"Na mke wangu akikataa?"

Revelian aligeuza uso upande wa nyumba yao, lilipokuwa lile shimo.

Mauwa alimtazama mumewe. Miaka mingapi alimsikia usiku akizungumza na wanyama usingizini, akiwabembeleza kwa majina yao. Nusu ya mshahara, mume wa saisi, na yeye Mauwa ndiye aliyemfikisha pale kwa ajili ya kipande cha kanga harusini. Akitamka ukweli atatua mzigo wake, na mnyama aliyemlalia begani ataanguka shimoni kabla jua halijazama. Hakujua kama atawahi kusamehewa, au kama ni haki asamehewe.

"Ndiyo, Bwana," akasema. Ndilo neno la kwanza alilopata kumwambia Mzungu yule.

Bwana akaishusha bunduki, akaashiria banda: amrudishe, aone. Jamali akatoka nje ya ua, akafunga lango nyuma yake, akasimama amelishika boriti kwa mikono miwili. Mauwa akabaki katikati ya mchanga na hatamu miguuni, hajui hata pa kuzishikia.

"Jamali, naogopa."

"Najua. Naye anaogopa." Sauti yake ilikuwa ile ile ya bandani, ya chini, isiyo na haraka. "Ziokote polepole. Shika chini ya kidevu, mkono wa kulia. Usimvute. Usimtazame machoni. Sasa tembea kama mtu anayekwenda zake, umesahau yupo."

Mauwa akatembea. Nyuma yake akasikia kwato zikimfuata, moja baada ya nyingine, na upande wa pili wa miti nyayo za mumewe zikienda nao sambamba, zikichechemea, mpaka ua ulipopinda kuelekea bandani ambako Jamali hakuruhusiwa kupita.